Video ya Mto, Bila Wimbo

Jumapili jioni, Kabiro

Asubuhi nilipiga video ya mto ulio nyuma ya nyumba yangu, nimtumie Mama huko Busia. Rafiki yangu Akinyi akaiwekea wimbo mtamu wa gitaa.

Mama akafurahi. "Kumbe huko ni kuzuri hivyo! Ijumaa nakuletea watoto wako."

Hata mimi niliipenda. Mchana nikaiangalia tena nikiwa nimezima sauti, nikaona maji yamefika mlangoni kwa jirani. Wimbo ulikuwa umenificha hilo.

Nikamtumia Mama ile isiyo na wimbo. Akapiga simu papo hapo. "Mwanangu, maji yanapanda. Toka hapo leo."

Akinyi amenipa godoro kwake, huku juu, mbali na mto. Mvua imeanza tena. Sithubutu kuchungulia dirishani.