Wateja Wengi wa Salgaa

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Bado napenda kuandika jina langu jipya! Nekoye Kigen. Nekoye Kigen. Nimeliandika hata kwenye kikombe changu cha ofisini. Travis, tunayekaa naye meza moja, akasema siku hizi chai yangu imeolewa.

Na leo — Mungu ni mwema! Bosi ametuita. Bwana Waithaka alikuwa na uso wa harusi. Amesema sistemu yetu, ile inayoandika kila mtu anayejaza fomu kwenye tangazo letu la mtandaoni, inaonyesha Salgaa inaongoza tangu mwaka jana. Imeshinda Nakuru mjini, imeshinda Naivasha. Watu wa huko wanalilia mashine za kuangulia mayai! Kwa hiyo anafungua duka Salgaa. Na wa kulisimamia ni mimi.

Mimi! Salgaa! Mume wangu yuko huko, anafunga matairi ya malori, na tangu harusi tunaonana wikendi tu. Nilitaka kuruka. Nikasema tu, sawa, bosi. Travis akaninong'oneza nipunguze meno, la sivyo bosi atanidai mimi nilipie kuhamishwa.

Jumanne, 9 Septemba

Nimempigia Kigen saa ya chakula. Alifurahi hata nikasikia spana ikianguka. Halafu akauliza, wateja gani? Huku nani anafuga kuku? Huku watu wanalala ndani ya lori, asubuhi wameenda.

Nikamwambia sistemu haidanganyi.

 Akasema polepole: "Mama, usiniambie ni zile fomu zangu."

Ee Mungu wangu.

Mwaka jana kazi yangu ilikuwa kumpigia simu kila aliyejaza fomu. Kigen alijaza kwa mchezo. Nikampigia, akapenda sauti. Akijaribu kupiga simu ya ofisi, anapokea Travis. Basi akawa anajaza fomu tena ili nimpigie tena! Asubuhi anataka inkubeta, ile mashine ya kuangulia, jioni inkubeta tena, mtu asiye na hata kifaranga. Niliona hayo ni mapenzi matamu kuliko yote duniani. Bado naona.

Sikuwahi kufikiria kwamba kila akijaza, sistemu ilikuwa inaandika: mteja mpya.

Jumatano, 10 Septemba

Sijalala vizuri. Nimemuuliza Travis, kama mzaha tu: mtu akijaza mara nyingi, si ahesabiwe mara moja? Akasema inawezekana, kuna mahali pa kuchagua. Kila mara, au mara moja kwa kila namba ya simu. Nikasema, lakini Mama Akeyo wa Kamere je? Alinunua mashine ndogo, vifaranga vikatoka, akarudi akanunua kubwa. Ukimhesabu mara moja umemfuta mteja wetu bora.

"Kurudi kwa Mama Akeyo ni biashara," akasema. "Kurudi kwa shemeji ilikuwa homa."

Kumbe amejua! Akasema yeye hana mdomo, hiyo ni yangu na Mungu wangu. Na kumbe kuna kibaya zaidi. Tangazo linafuata mahali fomu zinapojazwa. Limeamini Salgaa ndiko kwenye watu wetu, sasa linawaonyesha madereva vifaranga mchana kutwa. Pesa ya bosi inaishia kwa simu za watu wanaokwenda mpakani Malaba.

Jibu nimeliona pale pale. Kuuliza kuhesabiwe mara moja kwa kila mtu. Kununua kuhesabiwe kila mara. Rahisi hivyo.

Sijabonyeza.

Alhamisi, 11 Septemba

Kigen amepata nyumba! Vyumba viwili, bomba ndani, dirisha linatazama miti badala ya barabara. Amesema amesimama jikoni akaniona pale kabisa, na leso kichwani. Nililia kidogo chooni, kwa raha. Nataka kumpikia Jumatatu kama watu wengine! Jumanne pia!

Akasema tukinyamaza hatujamwibia mtu. Nikasema ni kweli. 

Halafu jioni bosi amepita akipiga mluzi. Anauza pikapu alipe kodi ya duka. Ile pikapu! Ndiyo iliyowabeba shangazi zangu wote siku ya harusi, wakiimba hadi kanisani, na alikataa hata mafuta.



Ijumaa, 12 Septemba

Nimebonyeza.

Salgaa: mtu mmoja. Mume wangu mpenzi, peke yake kama nguzo. Mama Akeyo yupo, manunuzi yake yote mawili.

Nikatoka kumwambia bosi. Alikuwa nje na mnunuzi, wanapiga teke matairi ya pikapu. Hata hakugeuka. Kesho, Nekoye, tutaongea njiani kwenda Salgaa.

Sijamwambia Kigen. Nitamwambiaje? Ametuma picha ya pazia.

Jumamosi, 13 Septemba

Salgaa, hotelini. Njiani aliongea yeye tu! Rafu zikae wapi, rangi gani, kama jina langu liandikwe mlangoni. Kila nikifungua mdomo ananiuliza kijani au manjano.

Mwenye nyumba ya duka ameketi mbele yetu na funguo mezani. Bosi ameshika bahasha ya kodi, haijafunguliwa. Kigen amevuka barabara na ovaroli yake, mzuri hata na grisi, bosi akapaza sauti: "Bwana harusi! Nimekuletea bibi na duka!" Watu wakacheka. Kigen hakucheka. Aliniangalia.

Bosi akamuuliza, wewe ni mtu wa hapa, sema ukweli, hawa watu watanunua?

Kigen akasema, "Mzee, agiza chai kwanza."

Nikasema mimi. Sauti ilitoka ndogo: bosi, kabla ya hiyo bahasha, angalia hapa. Nikafungua sistemu, nikamwekea simu mbele yake.

Anatafuta miwani. Mtandao wa hapa ni mbovu, ukurasa unazunguka tu. Naandika ili nisimtazame usoni. Anadhani napanga rafu.

Chini ya meza Kigen ameshika goti langu, ananong'ona kwamba nyumba ile hajailipia, nisijali, nisijali.

Ukurasa umefunguka. Bosi anasoma jina kwa sauti: "Salgaa, mtu mmoja. Kigen."