Nimeitwa Ng'ambo, na Sitaki Kwenda

"Mtu mwenye akili timamu akipata nafasi ya kuishi nchi iliyoendelea haombi ushauri, anafunga mizigo. Wanaobaki ni wale tu ambao hawajaitwa."

Hayo aliniandikia wiki iliyopita msomaji mmoja, mhasibu kwa kazi yake, akapiga na mstari chini ya neno "tu" ili nisilipite. Sikulipita. Nimetembea nalo siku sita kama kokoto ndani ya kiatu, na leo nalitoa. Mhasibu, huyu hapa mtu aliyeitwa. Ameitwa kwa jina lake, kwa barua yenye muhuri, naye amejaza kurasa tatu hajui afanye nini. Msome kwanza, kisha uniambie akili yake ina kasoro wapi. Nimefuta mambo mawili matatu yanayoweza kumtambulisha. Sentensi zake ndefu nimeziacha zilivyo, maana mtu aliyebanwa hana nafasi ya kuweka nukta.

*

Mshauri wangu mpendwa, nakuja kwako nimeshika kichwa, nisaidie kabla ya Ijumaa maana Ijumaa ndiyo siku ya mwisho ya kutia sahihi.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, sijaolewa, naishi na mama yangu, na kazi yangu ni kutengeneza miguu ya bandia katika karakana iliyo nyuma ya hospitali, vyumba viwili tu, kimoja cha plasta na kimoja cha mashine, na nje kuna ukumbi wenye vyuma viwili vya kushikilia ambako watu hujifunza kutembea, na kazi hii nimeifanya miaka kumi na mitatu kwa mikono, nafunga kigutu cha mtu kwa plasta, ikikauka naivua, namwaga jasi ndani yake, napata umbo, nalipiga tupa hadi vidole vyangu viniambie basi. Karakana yetu ina desturi moja ambayo sijaiona kwingine, nayo ni kwamba mguu hausainiwi kuwa umekwisha mpaka aliyeutengeneza amsindikize mwenye nao kutoka mlangoni petu hadi kituo cha basi, tena hutembei naye bega kwa bega, unakaa nyuma hatua tatu, mnazungumza habari nyingine kabisa, na masikio yako yako chini, kwa sababu hapo ndipo mguu unaposema ukweli, mwenye mguu huuficha.

Mwaka juzi nilimtengenezea mpaka rangi wa majumba, mtu wa ngazi, na kwenye vyuma alitembea kama askari wa gwaride, namuuliza, "Unaumia popote?" ananijibu, "Fundi, huu mguu mzuri kuliko ule niliozaliwa nao," basi tukatoka, na hata getini hatujafika nikasikia mguu unatua mapema na kuondoka haraka, kama wa mtu anayekanyaga mchanga wa moto, nikamwambia, "Kaa hapo ukutani, uvue," kigutu chekundu kama nyanya. "Mbona hukusema?" "Niliogopa mtaninyang'anya." Tukarudi ndani, nikakwangua pale palipombana, na leo anapanda ngazi ghorofa tatu na ndoo ya rangi mkononi.

Sasa, mwaka jana nilichaguliwa kwenda ng'ambo kwa mafunzo ya miezi mitatu, kwenye kiwanda cha miguu, na mshauri sitaki unisikie nikiisema vibaya nchi ile, naipenda, mvua inanyesha na maji yanajua pa kwenda, dereva wa basi anangoja bibi kizee akae ndipo aondoe gari, na kwenye benchi langu kila tupa ilikuwa na kivuli chake kimechorwa ukutani ili ijulikane inaporudi, na wenzangu walikuwa wema, kuna mmoja alinifundisha mashine ya kufulia mara tatu bila kunicheka. Huko hakuna plasta, kuna kifaa kinamulika kigutu, picha inaingia kwenye kompyuta, mashine inachonga yenyewe, nilisimama mbele yake mdomo wazi. Wiki ya kwanza nikamuuliza msimamizi, "Mwenye mguu huu yuko wapi?" Akacheka. "Yuko mji mwingine. Tunautuma kwa posta, atajaza fomu." Fomu ikarudi na neno moja, "Vizuri."

Mshauri, neno lile halikunishuka, kwa sababu hata yule mpaka rangi alisema vizuri, basi Jumamosi nilifanya jambo ambalo mpaka leo naona haya kulitaja, nilinakili anwani iliyokuwa kwenye boksi, nikapanda treni, nikabisha hodi nyumba ya watu. Akafungua baba mmoja wa makamo amevaa kaptura, na mguu niliousugua mimi umo. Nikamwambia kwa lugha yao ya kuokoteza, "Samahani, mguu huo nimeutengeneza mimi, naomba tutembee mpaka mwisho wa mtaa." Akanitazama kama mwizi, akautazama mguu, akachukua kofia. Kufika nyumba ya nne nilikuwa nimeshasikia, ulikuwa mrefu kwa unene wa penseli, nyonga yake inapanda. "Mbona uliandika vizuri?" Akasema, "Sikutaka kusumbua watu."

Jumatatu nikaitwa ofisini. Meneja, mama mkali mwenye haki, aliniambia sheria inakataza kumwendea mteja bila ruhusa, anwani ya mtu ni siri yake, nikapewa onyo la maandishi, na alisema kweli, sikujitetea. Mguu ukarudishwa ukapunguzwa. Nikajua nimejiharibia, kumbe miezi miwili iliyopita imekuja barua yake, ananitaka kwa kazi ya kudumu, ameandika, "Tunahitaji masikio yako," na chini yake ameandika kwamba kazi itakuwa mezani na utaratibu wa wateja nitaufuata kama wengine wote.

Hapa ndipo yalipo maji ya shingo. Kaka yangu amenunua sanduku la magurudumu. Nilipomwambia bado nafikiri alinijia juu, "Una wazimu? Watu wanazama baharini kwenda kule, wewe mlango umeletewa mpaka kitandani, unafikiri nini?" Mama siku hizi haniiti kwa jina, ananiita Msafiri, "Msafiri, niletee chumvi," "Msafiri, umefunga geti?" na anacheka kwa furaha ambayo sijaiona kwake tangu baba afariki, hata nikamdanganya kwamba nimeshatia sahihi, na barua iko chini ya godoro haijaguswa. Kazini fundi wa viatu aliniambia, "Ukienda, benchi lako nalichukua mimi, lina dirisha," wenzangu wakacheka, nami nikacheka, na hakuna hata mmoja aliyesema baki. Nikisema sitaki nitaitwa mwoga, na mimi mwenyewe sijui kama si woga. Nifanyeje?

Fundi wa Miguu

*

Mdogo wangu fundi, nianze kwa kukugombeza, ili tukimaliza nikusifu kwa raha.

Umemdanganya mama yako kwenye jambo lililomrudishia kicheko, na kila siku uliyonyamaza umelizidisha. Unayesikia uongo wa mwenye mguu kwa hatua tatu, wako umeulaza chini ya godoro ukaulalia! Yule mpaka rangi aliumia akasema vizuri. Yule wa kaptura aliumia akasema vizuri. Na wewe unaumia unamwambia mama vizuri. Wao walikuwa na udhuru, walikuwa wanazungumza na wageni.

Hayo basi. Sasa woga. Mwanamke anayepanda treni peke yake katika nchi ya watu, na maneno hamsini mdomoni, akagonga mlango asioujua ili asikilize kisigino kinavyotua, halafu anakuja kuniuliza kama yeye ni mwoga! Waoga nawajua, fundi. Wengine pasipoti zao zimejaa mihuri. Ulikosea kwa sheria, na meneja alifanya haki kukuonya. Lakini mimi nimesoma barua za watu miaka kumi na tisa kwenye ukurasa huu, na sikumbuki kosa lililonifanya nimheshimu mkosaji kama hilo lako. Kosa hilohilo ndilo lililomfanya yule meneja akutake. Watu wa kufuata fomu anao tele.

Kaka yako anasema watu wanazama. Ni kweli, wanazama, na wengi wao wanakimbia risasi au njaa. Shida yao si fimbo ya kukuchapia wewe. Mwambie aliyezama hakuomba kifo chake kitumike kumsukuma dada wa mtu ndani ya ndege.

Mhasibu naye atasema mshahara. Ni mkubwa, sibishi, na wewe hukuutaja hata mara moja katika kurasa tatu, jambo ambalo yeye halitamwingia akilini hata akilipigia hesabu mwaka mzima. Utaupoteza, fundi. Utapoteza na ule ukuta wenye vivuli vya tupa, na siku msumeno wenu utakapokatika katikati ya kazi utaukumbuka kwa uchungu. Usijidanganye kwamba kubaki ni bure.

Tena usije ukabaki kwa ajili ya bendera. Wanaohubiri kwamba kuondoka ni usaliti, wengi wao watoto wao wanasoma hukohuko ng'ambo. Mimi nimeishi nchi nyingine miaka minne, nilifurahi, nilipendwa, ningeweza kuzeeka kule, na wenzangu waliobaki kule siwadharau hata chembe. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama ningechagua kuishi nchi ya wengine, namrudishia swali: kufanya nini, Jumanne saa nne asubuhi? Nyumba njema si mlango. Sisi tunachagua nchi kwa picha ya uwanja wa ndege, na hakuna binadamu anayeishi uwanja wa ndege. Maisha ni hiyo Jumanne.

Na Jumanne yako naijua, umeniandikia mwenyewe. Kati ya mlango wa karakana na kituo cha basi kuna hatua labda mia tatu, na kazi yako imo ndani ya hatua hizo. Kila kinachotangulia, plasta, jasi, tupa, ni maandalizi yake. Kule wamekuomba uje na masikio yako, kisha wakakuondolea cha kusikiliza. Si ubaya wao. Wana miguu elfu ya kutuma na sheria ya kuilinda siri ya mtu, na miguu ile inawasimamisha watu wengi kuliko itakavyowasimamisha karakana yenu ya vyumba viwili. Naisifu mashine yao kama ulivyoisifu wewe. Ila mashine ile haikuhitaji. Yule mpaka rangi alikuhitaji, na bila wewe leo angekuwa amekaa chini, mguu mzuri uko kabatini, na kwenye daftari la mtu imeandikwa vizuri.

Kwa hiyo usitie sahihi. Umeshaamua tangu zamani, ulichokosa ni mtu wa kukuambia huna kosa. Huna kosa.

Lakini fanya hivi, na ufanye wiki hii. Leo hii, kabla jua halijazama, itoe barua hiyo, kaa na mama yako, mwonyeshe mstari usio na sahihi. Usiseme "wameahirisha", usiseme "viza". Sema: nimeitwa, nimekataa, na nilikudanganya. Atapiga kelele, pengine atalia. Mwache alie, usimbembeleze kwa ahadi. Akitulia, mwombe akufuate kazini siku moja utakapokuwa unamsindikiza mtu, atembee nyuma pamoja nawe mpaka kituoni. Mama anayemwita mwanawe Msafiri hajui mwanawe anasafiri kila siku, na anasafiri na nani.

Jumatano mwandikie meneja kwa mkono wako. Usimzulie mama mgonjwa. Mshukuru, mwambie unabaki na kwa nini, kisha umwambie lile ambalo onyo lilikuzuia kulisema: fomu zake zinadanganywa na watu wenye adabu. Mwombe, kwa kila mguu unaotumwa, atafutwe mtu wa mji uleule, mwenye ruhusa ya mteja, amfuate nyuma mpaka mwisho wa mtaa. Mtu aliyekupa onyo kisha akakuita kazini atakuelewa. Kaka yako mrudishie sanduku, asafiri yeye, inaonekana hamu ni yake. Na usiape kwamba hutaondoka milele. Ukifika miaka arobaini na tano moyo ukageuka, nenda, tena nenda kichwa juu.

Nimemaliza na fundi. Nabaki na ninyi, mafundi wenzake. Gazeti hili linafika karakanani, hata kama mnalitumia kutandika chini ya plasta, basi leo kabla hamjalimwagia jasi lisomeni. Miaka kumi na mitatu mnafanya kazi na mtu anayesikia maumivu ambayo mwenyewe aliyaficha, na alipokuwa ananing'inia kati ya kwenda na kubaki, mlichompa ni utani wa dirisha. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Sisi tumeligeuza: tunamtunza siku ya kumuaga, kwa keki na hotuba, tunamwaga sifa zote ambazo zingemfaa alipokuwa bado anajiuliza kama kuna anayemhitaji. Aibu! Kesho asubuhi, kabla ya mashine kuwashwa, mzungukeni pale alipo mumwambie kwa midomo yenu, mmoja baada ya mwingine, kazi gani ya mikono yake mmeiona na hamjawahi kuitaja. Msimwandikie kadi, msimtume mtu. Mwambieni amesimama mbele yenu, na msikae mpaka kila mmoja amesema.