Kuku wa Ada

Jumanne, Mbwawa

Leo nimefukia kuku kumi na saba. Asubuhi ni wawili tu walikuwa wamesimama, na mmoja shingo imeshapinda. Mdondo, ule ugonjwa unaomaliza kuku banda zima.

Nimewafuga tangu kidato cha tatu. Mama anajua napenda kuku, basi. Sikumwambia mtu kwamba nilipanga kuwauza wote Januari ijayo, nilipe ada ya chuo cha ushonaji.

Chanjo niliijua. Ila kichupa kimoja kinatosha kuku wengi mno, na kikifunguliwa hakiwekwi. Kwa hiyo mtaani kwetu watu huchangiana kununua, kisha wanapita nyumba kwa nyumba wakiwatia kuku tone jichoni. Mwezi uliopita niliwaona kwa jirani yetu, Mama Zuhura. Nilisimama dirishani nikitafuta namna ya kuwaomba wapite na kwetu. Wakamaliza, wakaondoka.

Leo Mama Zuhura amenikuta nachimba shimo.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Yarabi, wote hawa? Si ungenigongea tu, mwanangu? Dawa ilibaki, tukaimwaga!"

Ilibaki. Wakaimwaga. Hilo limeniliza kuliko kuku wenyewe.

Januari ndiyo hiyo inakuja, na mimi sina mpango mwingine. Sijui hata nianzie wapi.

Pale shimoni Mama Zuhura akaniuliza, "Kwani ulikuwa unawafugia nini wote hao?"

Nikamwambia habari ya chuo. Ndiye mtu wa kwanza kumwambia, na nilikuwa bado nimeshika jembe.