Mnara wa Masizi

Jumatatu, 6 Oktoba

Ng'ombe, kisha Mami, kisha chai, kisha vitofali. Leo pia. Nimemkamua ng'ombe, nimemwosha Mami, nimemvalisha sweta mbili na kumkalisha kwenye kiti chake dirishani. Kiharusi kilimpiga Februari. Tangu hapo anasema "ii" ya ndiyo na "a-a" ya hapana, basi. Mkono wake wa kulia umelala magotini chini ya shali kama kitu ambacho mtu amemwomba amshikie. Wa kushoto unafanya kazi. Nimemwekea ungo wenye vitofali mchanganyiko vya plastiki, vile vya watoto vya kushikanisha na kujengea, naye akaanza kuchagua. Vyeusi kwenye karai. Vya kijivu kwenye sufuria. Rangi nyingine zote kwenye beseni. Anachagua vile alivyochagua maharagwe maisha yake yote, kidole kinasukuma, midomo imebana. Hakosei.

Mimi najenga. Mnara wa Masizi umefika orofa ya tano. Ni ule wa kwenye tamthilia, ambamo malkia anafungiwa na ndugu zake miaka tisa, wakimwambia ni kwa faida ya ufalme. Zimwi linalala juu ya paa. Nimeitazama yote mara tatu kwenye simu, Mami kando yangu. Sijui anaelewa nini. Zimwi likitokea anasema "ii".

Zimebaki siku kumi na tisa. Tarehe ishirini na tano nitaupeleka Nairobi kwenye maonyesho. Mama mmoja huko, Achieng', ana karakana inayotengeneza mapambo ya madirisha ya maduka. Aliona picha zangu za mnara. Ameniandikia: ulete niuone kwa macho yangu, ukiwa kama ulivyo kwenye picha, Novemba unaanza kazi. Niliusoma ujumbe nikiwa zizini. Niliusoma mara nyingi mpaka ng'ombe akanichapa mkia usoni.

Jumatano, 8 Oktoba

Chaka, sokoni. Mama Njoki wa hapa jirani amekaa na Mami. Vitofali vyangu vyote vinatoka kwa jamaa mmoja wa mitumba ya vitu vya watoto. Huwa chini kabisa ya mzigo, pamoja na vifungo na magurudumu ya vigari. Anavipima kwa gorogoro, mkebe ule ule wa kupimia mahindi, na anasawazisha juu kwa kiganja.

"Ati huyu mtoto wako amefika miaka ngapi sasa?"

"Hakuna mtoto. Ni zangu."

"Zako? Haki wewe uko na mchezo."

Gorogoro tatu. Vyeusi ni vichache kuliko nilivyotaka. Orofa ya sita itakuwa na mistari ya kijivu. Moshi huchafua ukuta hivyo hivyo, hakuna atakayeuliza.

Jumapili, 12 Oktoba

Wamama wa kanisa wamekuja baada ya ibada. Wameimba, wamekunywa chai, wamelitazama sana zimwi langu la vitofali. Mmoja akaninong'oneza, "Nyambura, hii kitu si ya shetani?" Nikamwambia ni ya plastiki. Hakucheka.

Jioni nimempigia Kariuki, kaka yangu. Nimemwomba aje Ijumaa ya tarehe ishirini na nne akae na Mami. Kwanza alinikumbusha. "Wewe ndio hauna familia. Sisi tuko na watoto na kazi." Mimi pia nilikuwa na kazi. Duka la picha pale Nyeri, miaka sita. Februari familia ilikutana hapa sebuleni, mimi nikaenda jikoni kuchemsha chai. Nilirudi na thermos nikakuta nimeshaamuliwa. Wote walikuwa wananitabasamia.

Amesema atakuja. Amesema nikipata hiyo kazi watatafuta msichana wa kumtunza Mami. Simwamini, lakini nimeandika tarehe kwenye ukuta.

Jumanne, 14 Oktoba

Hospitali, Nyeri. Msichana wa mazoezi aliuinua mkono wa kulia wa Mami, akauachilia. Ukaanguka. Akauinua tena. "Hii ni miezi nane," akaniambia mlangoni. "Mazoezi msiache, lakini huu mkono usiungoje sana."

Nadhani Mami alisikia. Njia nzima alitazama nje.

Tulipita mbele ya duka la picha. Kuna msichana mwingine kwenye kiti changu. Nimejikuta nahesabu miaka tisa kuanzia Februari. Nitakuwa na arobaini na tatu.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mvua. Nimebomoa orofa ya nane, ilikuwa imepinda. Asubuhi yote imeishia hapo. Vitofali hivi vikishakandamizwa vinang'ang'ana, unashika kimoja huku, kingine huku, unavuta mpaka kucha zinainuka. Kadhaa nimevitoa kwa meno. Nimemkasirikia Mami kwa sababu ya chai iliyomwagika, na chai niliimwaga mimi.

Jumapili, 19 Oktoba

Umekwisha.

Orofa kumi na moja. Ngazi inazunguka nje, madirisha ni membamba, na lile la juu kabisa lina pazia jekundu kama kwenye tamthilia. Zimwi limelala juu ya paa, bawa moja linaning'inia. Nimeuweka kwenye stuli kando ya kiti cha Mami, ndipo penye mwanga mzuri wa picha. Mami aliutazama muda mrefu. Akasema "ii".

Sijawahi kutengeneza kitu kizuri hivi. Nasema mwenyewe, maana hakuna wa kunisemea.

Jumatano, 22 Oktoba

Kariuki amepiga. Anakuja kweli, Ijumaa jioni. Nimepata katoni kubwa kwa duka la dawa za mifugo, nimeitandika blanketi.

Nimemwambia Mami kwamba naenda Nairobi, na kwamba huenda nikaenda kabisa. Ungo wake ni mtupu tangu Jumatatu, vilivyobaki amevichagua vyote. Anaugonga kwa kidole, to, to, to. Anataka kazi. Nimemwambia angoje, nikirudi nitamletea vingine vya Chaka. Nina furaha mpaka naona aibu.

Alhamisi, 23 Oktoba

Ng'ombe alivunja ua, akala majani mabichi ya jirani yenye umande, tumbo likavimba. Nilikimbia kumtafuta daktari wa mifugo. Mpaka gesi itoke na ng'ombe asimame ilikuwa saa saba. Mami alikuwa peke yake asubuhi yote.

Niliporudi mnara haukuwepo.

Stuli ilikuwa tupu. Karai limejaa vyeusi. Sufuria imejaa vya kijivu. Beseni lina pazia, ngazi na zimwi, kipande kipande. Hakuna hata kimoja kilichokosea mahali pake. Shali iko sakafuni. Mami alikuwa na jasho kwenye paji la uso, na alikuwa anacheka kwa ule upande wa mdomo unaocheka.

"Nimemaliza," akasema.

Neno zima. La kwanza tangu Februari, na mimi sikulisikia kama neno. Nilipiga kelele mpaka Mama Njoki akaja mbio. Nilimwambia Mami ni heri angekufa siku ile ya kiharusi. Naliandika hapa ili nisije nikajidanganya kwamba sikulisema.

Ijumaa, 24 Oktoba

Kariuki amefika saa kumi kamili, na begi. Mara ya kwanza maishani mwake kufika kwa wakati. Nilicheka mpaka akaogopa.

"Si ujenge tu ingine?" akauliza.

Ingine. Miezi mitano ile ya kukusanya na kujenga.

Achieng' amejibu. Pole sana, lakini bila kitu cha kuona hawezi kunishika mkono, kuna wengine wanaleta vyao kesho. Hana kosa. Natamani angekuwa nalo.

Jumamosi, 25 Oktoba

Kariuki ameondoka asubuhi. Ati kwa vile siendi, hakuna haja ya yeye kukaa.

Saa nne. Sasa wanafungua milango kule. Mimi niko zizini.

Jumatatu, 27 Oktoba

Vitofali vyote viko chini ya kitanda changu. Sitaki kuviona. Mami anakaa dirishani bila ungo. Namwosha, namlisha, namgeuza, sisemi. Yeye pia hasemi. Hata "ii" ameacha. Shali anaivuta mpaka kidevuni kwa mkono wa kushoto na kunitazama nikipita, kama mtoto aliyechapwa asijue kosa lake.

Nilimpa kazi hiyo mimi mwenyewe. Kila asubuhi nilimsifu kwa kutenganisha vyeusi na vya kijivu. Najua. Kujua hakunisaidii.

Alhamisi, 30 Oktoba

Leo nilifagia chini ya kitanda, karai likanizuia. Nikalivuta. Juu juu kulikuwa na viwili vyeusi ambavyo bado vimeshikana. Nikavichukua bila kufikiri, kimoja huku, kingine huku, nikavuta. Vikakataa. Nikavipeleka mdomoni.

Hapo nikasita.

Nimekaa sakafuni. Nimeukalia mkono wangu wa kulia na kujaribu kwa wa kushoto peke yake. Nimevibana kwa goti. Nimevibana ukutani. Nimejaribu mpaka kucha ikatoa damu. Havitoki. Na mnara ulikuwa na orofa kumi na moja, na karai lote lile lilikuwa na viwili tu alivyoshindwa.

Jasho. Shali sakafuni.

Nimeenda sebuleni na ungo na karai. Nimepiga magoti mbele ya kiti na kumwambia Mami nisamehe. Nimemtoa shali. Mkono wa kulia ulikuwa umelala pale pale. Nikaweka vile viwili kwenye ungo, nikakaa kwenye stuli, nikangoja. Chai yangu ilipoa, ikafanya utando.

Kwanza alinitazama kuona kama nitapiga kelele. Kisha wa kushoto ukavichukua. Kisha wa kulia ukaja, polepole, ukiburuta kidole gumba, ukapapasa mpaka ukapata ukingo. Wote wawili tulikuwa tumebana midomo.

Kikatoka.

Akakiweka kwenye karai. Akaugonga ungo kwa kidole. Nikachukua vingine viwili, nikavikandamiza, nikamwekea.