Jiwe la Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Nimepiga wagonjwa eksirei kumi na nane kabla ya saa saba. Mgongo unauma. Wakati wa chai nimerudi kwenye simu kusoma habari za almasi. Rangi hupimwa kwa herufi: D haina rangi kabisa, Z ina umanjano. Usafi hutazamwa kwa lenzi inayokuza mara kumi. Uzito ni karati. Ukataji ndio unaofanya jiwe limeremete. Wiki nzima nasoma na bado sijiamini.
Nataka kumvisha Akinyi pete kabla ya Pasaka. Kaka yake, Otieno, ana jiwe la kuniuzia. Anasema ni D, bila doa. Roho yangu haitulii.

Jumanne, 4 Machi
Otieno amepita kliniki hapa Hurlingham, akaniachia jiwe kwenye karatasi iliyokunjwa. Aliyemuuzia alikuwa na mawili. La kwanza liko kwenye pete ya Mercy, mkewe, aliyomvisha walipotimiza miaka kumi ya ndoa. Nikauliza cheti cha maabara.
"Cheti ya nini, shem? Hii ni jiwe ya familia."
Akacheka. Mimi sikucheka. Nimelitazama chini ya taa mpaka mgonjwa akabisha hodi.

Jumatano, 5 Machi
Nikilipima, Otieno atasema namwita mwizi. Nisipolipima, nitamvisha Akinyi kitu nisichokijua.
Naona kasoro kila mahali. Leo Akinyi akila, nimejikuta nikihesabu vidoa shavuni mwake. Nimejichukia.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeomba ruhusa, nikaenda mjini kwa Mama Nisha, sonara wa ghorofa ya pili ambaye amepima mawe tangu usichana wake. Kwanza aligusisha kifaa cha kupima joto. Kikalia: almasi. Nikashusha pumzi. Yeye hakuliweka chini. Akalitazama kwa lenzi, akalilaza kidogo, akanipa.
"Angalia kingo za nyuma. Unaona nini?"
Kila mstari ulikuwa na pacha wake. Almasi haifanyi hivyo. Ni moisanaiti, jiwe la kutengenezwa maabara, na kile kifaa hulidhania almasi.
"Ni jiwe nzuri," akasema. "Lakini si almasi."
Nilikuwa nimeshuku. Nikashuka ngazi. Nilikuwa namfikiria Mercy na pete yake.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemwambia Otieno nje ya duka lake la vigae, Westlands, na kumrudishia jiwe. Nilitarajia matusi. Aliegemea gari, akaniuliza kama nina hakika. Akauliza tena. Hakujua. Uso wake ulisema hivyo.
Kisha: "Usiambie Mercy."
Nimemjibu kwamba sitamtangulia kusema, lakini akiniuliza sitadanganya. Akaingia dukani bila kuniaga.
Nimerudi nyumbani Kileleshwa kwa miguu. Nisingeweza kukaa kwenye kiti chochote. Akinyi amepiga simu mara nne. Sijapokea. Mwoga.

Jumamosi, 8 Machi
Nimemwambia Akinyi kila kitu. Amenikasirikia mimi kuliko kaka yake. Anasema ni jambo la kwao, nami nimelibeba peke yangu kama mgeni. Ana haki.
Halafu akavaa viatu, akasema twende kwa huyo Mama Nisha.
Amechagua jiwe dogo. Rangi yake ni I, umanjano ambao mimi siuoni. Limekatwa vizuri. Namba ya cheti imechorwa kwenye ukingo wake. Tumeisoma kwa lenzi, ikalingana. Ndani, karibu na pembe, kuna kidoa cheusi. Nikamwonyesha.
"Nimeiona," akasema. "Hii ndiyo nataka."

Jumapili, 9 Machi
Chakula cha mchana kwa Otieno, baada ya kanisa. Sikutaka kwenda. Akinyi alinivuta mkono.
Otieno alikuwa ameshamwambia Mercy. Macho ya Mercy yalikuwa yamevimba, kidole kitupu. Tulikula kuku. Alipokuwa akiniongezea mchuzi alisema taratibu, "Shem, ni vizuri ulipima."
Baadaye Otieno alikusanya sahani mwenyewe, akaenda kuziosha, jambo ambalo sijawahi kuliona katika nyumba hiyo. Mercy alikaa kidogo. Kisha akachukua kitambaa, akasimama kando yake na kupokea sahani ya kwanza.