Mchanga wa pamu ya mama

Coletha, nimefanya ujinga.

Ile pamu ya marehemu mama, ule mti wa mapambo wa chunguni ulioko sebuleni tangu mwaka themanini, ilikuwa inanifia. Nikaibadilishia udongo, nikatia mchanga wa marudio alioleta mwanangu Otmar toka machimboni, ule ulioshaoshwa dhahabu. Nikatamba kabisa, hii sasa itaota makuti ya dhahabu!

Sasa hivi nimemkuta mjukuu wangu Justina kwenye chungu, mdomo umejaa mchanga.

"Bibi, ona shanga."

Shanga! Ni zebaki, shoga, ile sumu wanayonasia dhahabu. Inabingirika kiganjani mwake.

"Umemeza?"

"Tamu."

Tamu, anasema!

Nimemsukutua mdomo kwa maji.

Wewe ndiye nesi. Nimpe maziwa au nisimpe kitu?

Naona tiki zimegeuka bluu, umesoma.

Coletha? Nimpe maziwa?