Tanki la Chumvi la Agnesi

Jumamosi, 6 Julai
Nimechoma dhahabu ya wiki jikoni kama kawaida. Kidogo. Zebaki tunayokamatia dhahabu ikapaa na moshi, ikabaki kwenye kikaango punje ya kushika kwa kucha. Nje siwezi kuchomea. Moshi ukionekana, kesho majirani wanajua una nini, keshokutwa wezi nao wanajua. Agnesi alitoka akikohoa. Hakurudi kula.

Tangu mimba ya pili itoke mwezi wa tano, mke wangu anakaa tu. Dada yake amepiga simu kutoka kwao Pangani, pwani, nimemsikia akimwambia rudi nyumbani. Agnesi hakukataa. Akiondoka, mimi nimekwisha. Naandika hivyo kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Jumatatu, 8 Julai
Nimeamua. Kama anataka bahari, nitamletea hapa hapa Morotonga. Binamu yangu Mwita yuko Isebania, ng'ambo ya mpaka, na aliwahi kufanya kazi kwenye duka la samaki wa mapambo Nairobi. Nimempigia. Amecheka kwanza. Halafu akasema inawezekana, ila samaki wa maji ya chumvi hawataki mtu mkono wa birika. Ataona.

Ijumaa, 12 Julai
Nimeshinda Tarime kwa fundi vioo. Alitaka kunipa kioo cha dirisha. Nikamuuliza, pipa zima la maji lishikwe na dirisha? Tumekubaliana kioo kinene, silikoni, na stendi ya chuma. Mwita anasema nichukue tanki kubwa. Dogo ukikosea kidogo tu, wamekufa.

Pampu nilidhani nitatumia ile ya kutolea maji kwenye shimo la dhahabu. Mwita akasema hiyo itafyonza samaki pamoja na tanki. Haya, pampu ndogo. Hita pia, maana Julai hii hata sisi tunalala na mablanketi mawili. Umeme ukikatika? Jenereta ina kelele na Agnesi anaumwa kichwa kila siku. Nimechagua betri na inveta.

Vijana wangu wa kazi wameshajua. Wananiita bosi wa sato wa chumvi. Mama yangu yeye ameuliza mara moja tu: samaki wasioliwa ni wa nini?

Jumapili, 21 Julai
Sikwenda kanisani. Jana nilikuwa Sirari mpakani, Mwita amenivushia vitu vyote. Chujio, taa ya bluu, ndoo ya chumvi, kipima chumvi, mawe ya matumbawe. Chumvi ya ng'ombe amenikataza kabisa, na ya jikoni pia. Maji ya bomba, haya ya bwawa la Manchira, nimeyalaza kwenye pipa na kuyatia dawa ya kuondoa klorini. Nimefuata kila neno.

Kitu kimoja tu sikununua. Mchanga. Mwita alitaka niagize wa matumbawe. Mwenye kisima ananunua maji? Mwaloni kwangu, pale tunapooshea mchanga wa dhahabu, kuna lundo la marudio, yale mabaki baada ya dhahabu kutoka. Laini, umeoshwa mpaka basi. Nimeuosha tena, nikautandaza chini ya tanki. Umependeza. Mwita sikumwambia, angenisumbua.

Alhamisi, 1 Agosti
Maji yanazunguka tankini bila samaki. Mwita anasema subiri, maji yakomae. Sina subira. Tangu rashi, mbio hizi za dhahabu, ianze huku, kila mtu anakimbia, mimi nimekaa natazama maji.

Agnesi hajalisogelea. Begi lake liko juu ya kabati, limefutwa vumbi. Sijauliza. Naogopa kuuliza. Hapa mwanamke anaitwa kwa jina la mtoto wake. Yeye wanamwita mke wa Chacha, mwaka wa nne huu. Naona linavyomuuma.

Jumamosi, 10 Agosti
Samaki wawili wamefika. Rangi ya chungwa, mistari myeupe. Agnesi alisimama mlangoni na mwiko mkononi. Akasogea. Akachovya kidole, akalamba.

"Ni yenyewe," akasema.

Akalia, akacheka, akala ugali wote. Begi limerudi chini ya kitanda. Nimesali. Tangu mwezi wa tano sikuwa nimesali.

Jumatatu, 12 Agosti
Mmoja amelala ubavu. Mwenzake anahema juu juu. Umeme upo. Hita inafanya kazi. Chumvi sawa, nimepima na kupima tena. Agnesi amekaa kwenye stuli mbele ya kioo tangu asubuhi. Mungu, hata hili?

Jumanne, 13 Agosti
Wamekufa wote wawili.

Mwita amenipitisha kwenye simu, kitu kimoja kimoja. Hita iko sawa. Pampu iko sawa. Maji yako sawa. "Na mchanga ulitoa wapi?" Nikamwambia.

"Chacha, hiyo mchanga iko na zebaki. Umewatandikia sumu."

Halafu akauliza polepole, "Na dhahabu mnachomea wapi?"

Nimekata simu.

Jikoni. Ninachomea jikoni. Nguo zangu za mwaloni anafua yeye, kwa mikono. Mwaka jana aliniuliza ule moshi una nini, nikamjibu hiyo ndiyo harufu ya ugali wake. Nilikuwa najisifu.

Mimba mbili. Na Jumamosi alilamba kidole.

Ijumaa, 16 Agosti
Tumekwenda hospitali. Daktari amesema kipimo hicho hapa hakuna. Hakusema ndiyo, hakusema siyo. Amesema huyu mama atoke kwenye moshi huo, leo kuliko kesho. Na tusidhani kuacha kuchoma kunatosha, kuta na vyombo vimeshakunywa sumu.

Nimemwambia Agnesi yote, hata ya mchanga. Afadhali angenipiga. Aliuliza neno moja, mkono tumboni.

"Wote wawili?"

Nikasema sijui. Kweli sijui. Nitakufa sijui.

Begi nimelivuta mimi mwenyewe chini ya kitanda. Nimemkunjia nguo, zile ambazo hazijawahi kukaa jikoni. Nilitengeneza bahari nzima ili asiende, na sasa mimi ndiye ninayemwambia nenda. Vijana wamekuja kusema bei imepanda tena. Nimewafukuza.

Jumapili, 18 Agosti
Aliondoka jana na basi la alfajiri. Amepiga simu kutoka Arusha. Kafika salama, leo anaendelea Tanga, kisha Pangani. Sauti yake ni nzuri. Hakusema atarudi, nami sikuuliza.

Kikaango nimekitoa. Jikoni sijaingia tena, nimepika uji nje kwa mafiga matatu. Mama amenikuta hapo, akaketi, akachochea moto.

Kabla ya kupanda basi Agnesi aliniuliza kama nimeshamwaga maji ya tanki. Nikamwambia bado. Nimezunguka kiwanja chote na ndoo, sijaona pa kuyamwaga. Kila upande, huko chini mteremkoni kuna kisima cha mtu.

"Basi yaache," akasema.

Yapo. Hita inawaka, pampu inazunguka.